Sahihi ya Kumi na Nne

Alhamisi, 6 Juni

Gavin kapiga simu mara tatu kabla sijamaliza chai. Kaka yangu huyu hapigi simu hata siku yangu ya kuzaliwa, kwa hiyo nilijua kuna moto.

Upo. Halmashauri ya Tarrabin imekubali ukuta wa mawe ujengwe mbele ya nyumba za ufukweni, kwa sharti moja: wenye nyumba wote kumi na wanne watie sahihi. Akikosekana mmoja, faili linafungwa na hakuna ukuta. Mwisho ni Jumatatu, saa tano asubuhi, ukumbi wa klabu ya waokoaji wa baharini. Kumi na watatu wameshatia. Wa kumi na nne ni Baba.

Nikamuuliza kwa nini Baba hataki. Akasema: "Kwa sababu yako, bibi mkubwa. Kabandika makala yako kwenye friji."

Makala yangu! Niliiandika miaka mitatu iliyopita na bado naletewa barua za matusi. Nilisema ukuta unalinda sebule za wachache na kuua ufukwe wa wengi. Wimbi likigonga jiwe linarudi na mchanga. Baada ya miaka kumi una ukuta mzuri na huna pa kutandika taulo. Nilisema aliyejenga mchangani ahame mchanga unapohama. Nilikuwa nawafikiria wenye majumba ya vioo. Sikumfikiria mjane wa miaka themanini na mitatu katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga kwa mikono yake. Huo ndio ukweli, na ninauandika humu tu.

Na nyumba ya Gavin iko ubavuni mwa ya Baba, kiwanja kilekile kilichogawanywa. Ana mke na mabinti wawili. "Wewe ulipigiwa makofi gazetini," akasema, "mimi nitapata bahari jikoni. Njoo umwondolee ulichomtia kichwani."

Kwa hiyo kesho natoka Sydney, mwendo wa saa sita kuelekea kusini, kwenda kubishana na mimi mwenyewe. Miaka ishirini na saba ya kuandika, sijawahi kukanusha hata nukta.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nimeegemeza daftari kwenye usukani. Gari limezimwa. Mti umeanguka barabarani kusini ya Moruya — upepo wa kusini ulioanza asubuhi — na tuko hapa saa nzima sasa.

Bila shaka ni wikendi ya sikukuu. Siku ya kuzaliwa Mfalme wa Uingereza! Mfalme mwenyewe hakuzaliwa Juni, na hata angezaliwa, sisi inatuhusu nini? Lakini taifa zima limefunga karavani, zile nyumba za magurudumu, nyuma ya gari na kuingia barabara hii moja. Mbele yangu karavani. Nyuma yangu karavani. Ubavuni mwangu Shangazi Merle.

Nimempitia Wollongong. Ni dada yake Baba, miaka sabini na tisa, na alishasimama getini na begi tangu alfajiri ingawa nilimwambia saa tatu. Kaja na mayai ya kuchemsha kumi na mawili. Gari linanuka yai tangu Kiama. Anasoma kila kibao kwa sauti.

"Batemans Bay, kilomita hamsini."

"Nimekiona, Shangazi."

"Najua umekiona. Nasoma nisije nikalala."

Tumesimama kwenye vyoo vitano. Anavipa alama kama mwalimu. Cha Berry kimepata tisa.

Nilipomweleza shida ya ukuta alimenya yai taratibu mpaka likaisha ganda. "Mwambie baba yako umekosea, yaishe."

"Lakini sikukosea."

"Sasa hiyo inahusiana vipi? Mimi nilimwambia mume wangu nimekosea kwa miaka arobaini. Sijawahi kukosea hata siku moja."

Nikamwambia kuna kitu kinaitwa msimamo. Akanipa chumvi.

Watu wameshatoka magarini. Wamepanga viti vya kukunja kwenye ukingo wa barabara, mtu kawasha jiko la gesi, soseji zinakaangwa, watoto wanapiga kriketi kati ya karavani mbili. Dhoruba inapinda miti juu ya vichwa vyao! Hawa ndio watu niliotaka waelewe bahari inapanda. Mama mmoja kagonga kioo changu, soseji ndani ya mkate mkononi.

"Wewe si yule wa gazetini? Mume wangu anakuchukia sana."

"Msalimie."

"Nitamsalimia. Vitunguu unakula?"

Nimekula. Shangazi kala mbili.

Jumamosi, 8 Juni

Tulilala moteli ya Narooma, tumefika Tarrabin saa nne asubuhi. Mvua imekata, bahari bado imevimba na rangi ya chai ya maziwa.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba, kapiga magoti chini ya chuma cha kuanikia nguo, kile cha kuzunguka kama mwavuli. Utepe wa kupimia mkononi. Hakunisalimu. "Shika huku," akasema, akanipa ncha ya utepe, akatambaa hadi ukingoni.

Nilipokuwa mtoto, kutoka chuma hiki hadi mchangani kulikuwa na nyasi, uzio, mlimau wa Mama, kisha kilima cha mchanga chenye vichaka. Uzio ulikwenda mwaka juzi. Mlimau umekwenda Aprili. Mizizi yake inaning'inia hewani.

"Mita nane na nusu," Baba akaita. "Jumamosi iliyopita tisa na robo!" Akaandika kwenye kijitabu. Anapima kila Jumamosi, miaka thelathini na mmoja sasa. Rafu nzima ya sebuleni ni vijitabu hivyo. Alisema kwa furaha kama mtu anayetangaza magoli. Nilitaka kumtikisa.

Nikaanza palepale, nyasi zikinilowesha magoti. Nikamwambia makala ile ilihusu mahali pengine. Nikamwambia hali hutofautiana. Nikamwambia wahandisi wa siku hizi wana mbinu mpya. Yaani nilimwambia takataka zote ambazo nimewacheka wengine hadharani kwa kuzisema.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Aya ya nne," akasema.

"Baba, tafadhali."

"Aya ya nne uliandika, kila mwenye ukuta husema kwake ni tofauti." Anaijua kwa moyo! "Nimeisoma mara nyingi, Narelle. Nikaenda kwenye vijitabu vyangu kutafuta kosa. Sikuliona. Vizuri sana ulivyoandika."

Kwa miaka yote hiyo sikujua kama anasoma ninayoandika. Hakuwahi kusema lolote. Leo ndiyo siku ya kunisifu!

Nikamuuliza ataishi wapi. Akasema chai imepoa.

Mchana kaja daktari wa meno, Strickland, mwenye jumba la vioo mwisho wa mtaa. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya ukuta. Aliwahi kuandikia gazeti kwamba mimi ni mwendawazimu wa mjini. Leo kanishika mkono kwa mikono miwili. "Afadhali umekuja, dada. Kumbe tuko upande mmoja!" Nimenawa.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi, maji yakiwa yamejaa, nilitembea hadi ufukwe wa pili, Pell, ambako ukuta ulijengwa miaka tisa iliyopita. Nilitaka — niandike tu — nilitaka nikute nilikosea. Ningeshukuru.

Hakuna ufukwe. Mawe, kisha maji. Mama mmoja alikuwa anashuka juu ya mawe na mtoto mgongoni na kindoo cha plastiki mdomoni. Akafika chini, akatazama huku na huku, akapanda tena. Nimewahi kushinda mabishano mengi, lakini sijawahi kuchukia ushindi kama ule.

Nikarudi kupitia jikoni kwa Baba. Kwenye mwimo wa mlango ule ndipo tulipopimwa urefu kila Krismasi, mimi na Gavin, penseli na kisu cha Mama. Sikuziona alama. Sikuuona hata mwimo. Ubao umeng'olewa, mbao za ndani ni nyeupe, matundu ya skrubu mapya kabisa.

"Baba, ubao umekwenda wapi?"

"Mchwa."

Hajui kusema uongo, hajawahi kujua. Nikatoka hadi kwenye pikapu yake. Chini ya turubai: ubao wetu, umefungwa blanketi na kukazwa kamba kama mgonjwa. Picha ya harusi yao. Vijitabu vya upimaji vya miaka ya mwanzo, ndani ya sanduku la samaki. Nikafunika tena. Sijamwambia Gavin.

Chakula cha mchana kwa Gavin. Mwanakondoo wa kuoka, na mezani hakuna aliyezungumzia bahari inayoonekana dirishani kwa dakika kumi na tano nzima. Halafu Gavin akaweka uma chini.

"Baba, umewafundisha kuogelea watoto wote wa mji huu. Hawa wajukuu wako watalala wapi?"

"Niliwafundishia wapi?" Baba akauliza.

"Nini?"

"Kuogelea. Niliwafundishia wapi? Kwenye mawe?"

Gavin akanigeukia. "Umeona? Umeona ulichofanya? Anaongea kama wewe!"

"Anaongea kama yeye," nikasema. "Mimi ndiye ninayeongea kama yeye." Sikujua nitasema hivyo. Shangazi Merle akaomba apitishiwe njegere.

Baba alifuta mdomo, akakunja kitambaa. Akasema mbele yetu sote, bila hasira: "Narelle ndiye aliyenishawishi. Basi kesho asimame ukumbini mbele ya watu, aseme alikosea. Akisema, natia sahihi palepale."

"Na kama sikukosea?"

"Basi usiseme."

Gavin alinifuata nje hadi kwenye mapipa ya taka. Macho mekundu. "Neno moja, Narelle. Nilikosea. Watu husema kila siku. Mimi nimemwambia mke wangu leo asubuhi mara mbili! Umejaza magazeti kwa maneno, unashindwa kumpa ndugu yako moja?"

Nikamwambia ukuta utakula ufukwe. Akasema anajua! Kelele, majirani wasikie. "Najua! Unafikiri sijaenda Pell? Najua, na nina watoto!"

Kubishana na mjinga naweza mchana kutwa. Mtu anayejua, na bado ana haki ya kutaka — sina aya ya kumjibu.

Nimemuuliza Shangazi, maana nimefika mahali pa kumuuliza Shangazi. Alikuwa anafuta vyombo. "Kaka yangu yule," akasema, "akishaamua jambo huwa anaanza kufungasha kabla hajamwambia mtu. Alipooa tulikuta chumba kitupu." Akanitazama. "Pikapu nimeiona, mwanangu."

"Sasa mimi ananitaka niseme ya nini?"

"Muulize yeye." Nikamuuliza Baba. Alikuwa anafunga kamba ya turubai upya, kumbe nilikuwa nimeifunga vibaya. Akasema, "Nataka nijue tu." Akaingia ndani.

Ajue nini? Kama nitadanganya kwa ajili yake? Au kama sitadanganya? Nimeuzunguka mtaa mzima na sijui ni jibu gani litamvunja moyo.

Jumatatu, 10 Juni. Ukumbini

Safu ya nyuma, karibu na birika kubwa la chai. Saa tano kasoro kidogo. Watu wamejaa, wengine wamesimama kando ya ubao wa majina ya waokoaji. Jina la Baba lina nyota. Harufu ya soseji inaingia mlangoni; hata siku ya kuamua mji usimame au uanguke, lazima mtu akaange soseji.

Strickland anaongea. Anasema "jamii" kila sentensi. Amesema jamii mara tisa. Kanitaja kama "binti yetu mashuhuri". Mungu wangu. Nikisema lile neno, huyu ndiye atakayelirudia katika kila mji wenye ufukwe, mpaka Queensland. Kila mwenye jumba la vioo atalibandika kwenye friji yake. Nisiposema, mabinti wa Gavin wanafungasha.

Wako safu ya pili na mama yao. Mdogo kaleta taulo, anadhani baadaye tutaogelea.

Baba yuko mbele, peke yake, kavaa koti la mazishi. Fomu iko mezani pake. Ina sahihi kumi na tatu na mstari mtupu. Mkononi ana kalamu ya kubofya na anaibofya tangu alipokaa: tik, tik, tik. Watu wa karibu naye wanakereka. Hajageuka hata mara moja kunitafuta.

Asubuhi nilimsaidia kupima, ingawa si Jumamosi. Mita nane kamili. Aliandika, akanipa kijitabu nitie herufi zangu kama shahidi, jambo ambalo hajawahi kumpa mtu. Nikatia. Sikusoma nilichotilia herufi.

Pembeni mwa ukurasa huu nimeliandika lile neno mara nne, nione kama mkono utakataa. Nilikosea, nilikosea, nilikosea, nilikosea. Haukukataa. Mwandiko mzuri tu, kama wa orodha ya sokoni. Nilitegemea angalau utetemeke!

Shangazi ananipa yai. Wapi kalitoa? Nimelishika.

Strickland kaita jina langu. Vichwa vyote vimegeuka, Gavin wa kwanza. Cha Baba hakijageuka. Ila kalamu imenyamaza.

Wananisubiri na mimi bado naandika. Yai mkononi. Nasimama, na kutoka huku nyuma hadi pale mbele ni hatua — nimezihesabu kwa jicho, damu ya Baba hii — ni kama mita nane —