Picha za Kilima cha Rwabihanga

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nasreen Muhammad
Umri: Miaka 44
Dini: Mwislamu
Kazi: Muuza duka
Makazi: Kijiji cha Rwabihanga, Wilaya ya Kyerwa
Shauri: Mlalamikaji kudai kupigwa mkutanoni

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naeleza kwa hiari yangu. Siku hiyo ya mkutano nilikaa mstari wa mbele, kwa hiyo hakuna aliyenikinga nisione.

Mlalamikaji, Bwana Placidius, ni mwenyekiti wa kijiji chetu. Mwaka 2022 wanajeshi walikuja kufanya mazoezi nyuma ya kilima. Miezi kadhaa kabla hawajafika, mwenyekiti alitutangazia kwamba jeshi limeshakataza watu kupanda kilima huko. Walipoondoka tukakuta msitu wa kijiji umefyekwa wote, na chemchemi iliyo chini yake ikakauka. Tangu hapo sisi wanawake tunafuata maji bondeni. Mwenyekiti alisema ni kazi ya wanajeshi, tukamwamini. Mimi niliwasema kwa maneno ambayo sitaki yaandikwe hapa.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, saa nane mchana, tulikusanyika kwenye ghala la kahawa. Alikuja mtafiti wa chuo, Bwana Mwesiga, anayetumia picha za setilaiti kupima jinsi mazoezi ya kijeshi yanavyoathiri ardhi na maji. Mwenyekiti alimkaribisha kwa hotuba ndefu. Alisema, "Leo mbingu zenyewe zitatoa ushahidi." Tukapiga makofi. Madirisha yakafungwa, nikatoa shuka jipya la dukani, likatundikwa ukutani, projekta ikawashwa, picha zikaanza.

Ya kwanza ilikuwa ya Januari 2022. Msitu ulikuwepo, umeshonana. Mama Mackrine, mke wa mwenyekiti, aliona paa la nyumba yao akapiga vigelegele. Ya pili ilikuwa ya Septemba. Mahema yalionekana kama punje za mchele, magari yamechora mistari kwenye nyasi, na msitu hakuna. Mwenyekiti akasimama. "Mmeona? Jeshi hilo!"

Bwana Mwesiga akasema, "Subiri mzee, kuna ya katikati."

Ilikuwa ya Mei. Hakukuwa na hema wala gari, na msitu pia hakuna. Bwana Mwesiga alieleza kwamba mistari ya magari ni ya wanajeshi na ameiweka kwenye ramani yake, lakini miti iliondoka kabla hawajafika.

Mama Mackrine akauliza, "Sasa nani kaikata?"

Mwenyekiti alisema hilo ni wingu. Bwana Mwesiga akasema wingu huwa jeupe. Mwenyekiti akasema basi ni kijiji kingine. Mkewe akasema, "Na lile si paa letu?" Ndipo mwenyekiti akapaza sauti: "Haiwezekani ionekane! Tulikata usiku!"

Bwana Mwesiga akamjibu kwa upole, "Lakini mzee, kulikucha."

Mwenyekiti alilirukia shuka akaling'oa. Picha ikabaki ukutani. Akasimama mbele yake aizibe, kilima chote kikamkaa kwenye shati. Akageuka huku na huku, shuka likamviringa miguuni, akaangukia nguzo kwa pua. Damu iliyomtoka ilitokana na nguzo. Hakuna mtu aliyempiga.

Aliyemgusa ni mkewe tu, wakati wa kumtoa kwenye shuka. Alimwambia, "Maawe, Placidius! Miaka mitatu nateka maji bondeni, unalala kando yangu, na haya unayajua?" Sauti yake ilikatika. Hapo hakuna aliyecheka, hata mimi.

Kuhusu dai lake kwamba tangu siku hiyo hawezi kunyanyua mkono: leo asubuhi nikija hapa nilimkuta akipanda kutoka bondeni na dumu la lita ishirini kichwani. Alisimama akahema, akaniomba nimpokee kidogo. Nilimwambia samahani Mwenyekiti, nawahi kituoni kukutolea ushahidi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: N. Muhammad

Maelezo yameandikwa nami, Koplo Methodius, na kusomwa mbele ya shahidi. Shahidi alionywa mara mbili asiigize sauti ya mlalamikaji.