Upande wa Chini wa Mshono

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua cherehani nyingine. Nyeusi, ya kuzungusha kwa mkono. Maua ya dhahabu ubavuni yamefifia, yanafanana na yale unayoyaona ukifumba macho baada ya kutazama taa. Muuza vyuma chakavu, ninayemwita Bwana Afadhali, anasema nimebahatika. "Afadhali hii, mzee. Ile ya juzi ilikuwa maiti, hii ina usingizi tu." Nikamuuliza imetoka wapi. Ati vitu vikishafika kwake vinakuwa mayatima, havina ukoo.

Nimeibeba kifuani hadi nyumbani kama mtoto aliyelala. Gurudumu halizunguki kabisa. Nimefanya kama kawaida yangu: kabla ya kunawa, kabla ya chai, nimelegeza skrubu zote za juu na kuiogesha kwa mafuta ya taa. Chumba kizima kinanuka. Marehemu mke wangu, Bibie, angefungua madirisha akilalamika, halafu angekaa papo hapo anuse. Aliipenda harufu hii. Hakutaka kukubali.

Jumatano, 5 Machi

Nimelala mchana. Nikasikia cherehani yake – tatata, kituo, tatata – kama zamani nikitoka zamu ya usiku, yeye akishona upande wa pili wa pazia, mimi nikielea. Asipokuwa na kazi ya wateja sikulala vizuri. Nikaamka. Kimya. Bomba linadondosha tu.

Binti wa ghorofani amepita. Nilimwahidi cherehani, Jumatatu anaanza kushona mashuka ya nyumba ya wageni, kazi yake ya kwanza. Nikamwambia ni hii. Akalijaribu gurudumu, likagoma. "Babu, hii si nitazeeka nayo kabla haijazunguka?" Nikamwambia itatuzika wote. Akacheka, akapanda ngazi mbili mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikuwa nafuta bamba lililo chini ya sindano. Kutu ikatoka, na chini yake mstari mwekundu. Rangi ya kucha. Bibie alichora mstari kama huo kwenye yake, pindo lisipotee njia.

Nikakaa sakafuni, tambara mkononi.

Ya kwake iliuzwa wiki ile ya msiba, nikiwa sijui jua wala mvua. Mdogo wake, shemeji yangu, ndiye aliyeiuza. Aliogopa nitashinda naitazama. Tangu hapo nanunua za watu wengine. Nazitengeneza, naziuza, nanunua tena. Sijawahi kuandika kwa nini. Basi ndiyo hiyo.

Lakini washonaji wengi huchora mstari. Kuna njia moja ya kujua. Bibie aliukaza uzi wa chini kupita kiasi. Hakupenda kitu kilegee, hata mimi. Juu mshono wake ulikuwa safi, ila ukiugeuza unakuta uzi wa juu umevutwa, unachungulia huku chini, nukta nukta. Wateja walimtania. "Kwani unavaa nje ndani?" – hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Shati langu la kijivu bado lina nukta hizo. Sijaziona kwa mshonaji mwingine.

Na mimi fundi mwenye haraka nimeshalegeza skrubu zote za juu! Kama ni yeye aliyezikaza, mkono wake nimeufuta mwenyewe, kabla hata ya kunawa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Imebaki moja. Ile ndogo kama punje ya mtama, kwenye kikasha cha bobini, inayokaza uzi wa chini. Kikasha kimebanwa na kutu, ndiyo maana sikuigusa. Kutu nayo ina huruma zake.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja. Nikamwonyesha mstari. Akauangalia mpaka chai yake ikapoa.

"Simkumbuki niliyemuuzia, shemeji. Njia nzima nilikuwa nalia."

Nikamwambia simdai kitu. Akaniuliza, na ikiwa ndiyo yenyewe, yule mtoto wa juu nitamwambia nini? Nikammiminia chai nyingine.

"Cherehani si kaburi. Dada akikuona umemfungia kabatini atakuchapa kwa tepu."

Kweli angenichapa. Alinichapa siku niliyokata gazeti kwa mkasi wake wa vitambaa. Tukacheka, shemeji na mimi, hadi akahitaji leso.

Jioni kikasha kimetoka. Nimekishika kwa ncha ya uzi wake, kikaning'inia, hakikushuka hata kidogo. Skrubu imekazwa sana – au ni uchafu tu. Nimekisugua kwa mswaki wa zamani. Skrubu sijaigusa.

Jumatatu, 10 Machi

Inazunguka. Laini, kama mtu anayepumua.

Nimezirudisha skrubu za juu, zikaze kwa wastani. Uzi mweusi juu, mweupe chini, kipande cha shuka kuukuu. Nikashona mshono mmoja wa urefu wa kiganja. Juu safi. Shati la kijivu lilikuwa mezani, nimeshaligeuza nje ndani. Ilibaki kukigeuza kitambaa.

Hodi.

Binti, na furushi la mashuka begani. "Shikamoo, babu. Iko tayari, au nikawaambie naumwa?"

Nikakitia kitambaa mfukoni. Nikamwambia akae. Nikamwonyesha mstari mwekundu: pindo lifuate hapa, na usije ukaufuta. Na hii skrubu ndogo usiiguse. Uzi ukikusumbua, niite. Akauliza mbona. "Ndivyo ilivyokuja," nikasema.

Akaomba aanzie hapa hapa, kwao wadogo zake wanapigana. Nikamwachia meza. Shati nikaondoka nalo.

Naandika nimelala, upande huu wa pazia. Tatata, kituo. Ameharibu, anafumua, anaugombeza uzi kwa sauti ya chini kama mtu mzima. Tatata tena. Mkono wa kushoto uko mfukoni, juu ya kitambaa. Sihitaji hata macho. Nikipapasa upande wa chini kwa kidole, nitajua.

Usingizi unanijia. Tatata, kituo, tatata. Ameanza shuka la pili.