Jina Mgongoni mwa Fulana

Mpwa wangu Dervla,

Mjomba wako ni mzima kama chuma. Nimetembea kwa miguu kutoka Sligo hadi Galway, siku sita, kwenye ule msafara wa kuchangisha pesa za kuwasaidia watu wasijiue. Vijana walichechemea, mmoja nilimbeba. Hata fahali mmoja mkali alinipisha njia.

Kila mtu aliandika kwa wino, mgongoni mwa fulana, jina la ndugu yake aliyejiua. Mimi niliandika Colman. Brid, mama aliyetupikia chai msafarani, akaangua kicheko.

"We mzee, hilo si jina lako? Hapa wanaandikwa waliokufa!"

"Najua. Mwezi wa pili nusura niwe mmoja wao. Mpwa wangu akapiga simu kuuliza habari za ng'ombe."

Kicheko kikamkatika. Akatembea nami bega kwa bega hadi mwisho, akinitania jinsi ninavyokoroma usiku.

Karibu na Galway mvua ikatupiga, wino wote ukachuruzika. Wenzangu wakaandika upya. Kalamu iliponifikia, nikampa Brid airudishe bila kuandika kitu.

Ng'ombe amezaa mapacha. Njoo Krismasi uwape majina.

Ni mimi mjomba wako, niliye hai,
Colman