Magari Yaliyo Nje ya Yadi Yako

Dar es Salaam,
Jumapili

Mdogo wangu Nkwabi,

Karibu kila anayeanza biashara ya magari hukosea mahali pamoja: huchagua kompyuta ya kutunzia hesabu ya magari kabla hajajua magari yenyewe yako wapi. Nimeanza na hilo kwa sababu najua unavyosoma barua zangu, salamu unaziruka. Sasa tusalimiane. Mwangaluka. Mayu, mama yetu, anaendeleaje na goti lake? Mvua zimeshika, au mpunga bado unazisubiri? Huku kwetu mhola, mimi na shemeji yako tu wazima, isipokuwa presha yangu. Daktari anasema ni chumvi. Mimi nasema ni wewe.

Umeniandikia kwamba yadi imekamilika, na jina lako limepakwa rangi nyekundu getini. Kwamba tangu ununuzi wa pamba ulipofunguliwa kwa watu binafsi, kila mnunuzi anayefika Bariadi anataka pikapu. Kwamba shemeji yetu Masunga amekuchagulia kompyuta huko Mwanza pamoja na programu yake, ataileta Jumamosi, nawe utauza maksai wa marehemu baba ili uilipie. Nilisoma barua hiyo mara tatu nikitafuta mahali uliponiuliza maoni yangu. Hapakuwapo.

Masunga anauza redio, Nkwabi. Mimi nilitunza stoo ya magari ya shirika la umma tangu ujana wangu mpaka siku lilipofungwa, na sasa natunza yadi ya Alhaji hapa karibu na bandari, magari yanaposhushwa kutoka Japani na Dubai. Nimefungua na kufunga mageti ya watu maisha yangu yote. Jina langu halijaandikwa hata kwenye moja. Nakuonea wivu, mdogo wangu. Nalisema wazi ili ujue namna ya kuyapima maneno yangu mengine.

Barua ya kwanza niliyokuandikia niliichana. Ilikuwa inakukataza kununua kompyuta yoyote. Sababu zote nilizotaja zilikuwa za kweli: umeme wa kukatika, vumbi, fundi kuwa mbali. Lakini nilipoisoma tena niliona mwandishi wake anataka ushindwe. Ndiyo maana hii unayosoma imechelewa.

Sikiliza basi kilichonitokea hapa. Alhaji aliweka kompyuta mwaka jana, akaajiri binti anayeitwa Zawadi kuiendesha. Mimi nilikuwa na kadi zangu kwenye sanduku la mbao, na zaidi ya kadi nilikuwa na kichwa changu. Mwezi uliopita akaja mkandarasi mmoja kutoka Morogoro.

"Mzee, pikapu nyeupe ya dizeli ipo?"

"Zimekwisha," nikamjibu.

Zawadi hakuinua hata uso. "Ipo moja, babu. Safu ya nne, nyuma ya lile basi bovu."

Tukaenda. Ilikuwapo, imejaa vumbi. Yule mkandarasi akacheka. "Babu, hii yadi unailinda wewe au inakulinda?"

Siku mbili sikuzungumza na Zawadi. Siku ya tatu nikavuta kiti nikamwambia, "Haya, mwanangu, nionyeshe." Akanionyesha kwa adabu, na hiyo adabu iliniuma kuliko kicheko cha yule mteja. Basi nakuambia kama mtu aliyeshindwa: kompyuta ni nzuri. Inunue. Lakini si hii ya Masunga.

Nitakueleza kwa nini. Nilipokuja likizo uliniambia una magari kumi na moja. Yadini nikahesabu manne.

"Mengine yako wapi?"

"Kaka nawe! Mawili yako kwa Limbu, Nyashimo. Mengine Mkula, Mwamanyili, kwa watu wetu."

Unafanya alivyofanya baba kwa ng'ombe: huweki mali yote zizini, unawapa rafiki na ndugu wakufugie, ugonjwa ukiingia boma moja usikumalize. Kwa ng'ombe ni busara. Na anayekufugia hukamua maziwa, ndiyo haki yake, wala huendi kumuuliza amekamua kiasi gani. Tatizo ni kwamba gari nalo hukamuliwa. Unakumbuka tulivyokwenda na yule mnunuzi wa Maswa kwa Limbu? Limbu akasema, "Naliwasha tu, kaka, betri isife." Nyuma ya gari kulikuwa na manyoya ya pamba na magamba ya samaki, na tairi zilikuwa zimelika. Mnunuzi alinusa, akarudi zake Maswa. Nawe ulimlaumu mnunuzi!

Programu ya Masunga, kwa jinsi ulivyoieleza, inauliza rangi, aina na bei. Itakuambia una magari kumi na moja, na utaiamini kwa kuwa imetoka kwenye mashine. Hii ya Zawadi inauliza pia gari liko wapi, amekabidhiwa nani, liliondoka likiwa limetembea kilomita ngapi na limerudi na ngapi, kwa sababu Alhaji ana yadi mbili na hamwamini hata mpwa wake. Hiyo ndiyo inayokufaa. Na kila jioni uchapishe orodha kwenye karatasi, umeme ukikatika uwe na cha kushika. Zawadi yuko tayari kuja kukufundisha. Nilitaka kukuficha hilo pia.

Wale maksai ni wa baba, Nkwabi. Wakienda, waende kwa kitu kitakachobaki.

Msalimie mayu, mwambie dawa ya goti naileta mwenyewe. Msalimie mama watoto wako, shangazi wa Mkula, na mwalimu wako wa zamani wa hesabu, ambaye najua wewe humsalimii. Masunga naye msalimie, ukipenda.

Ni mimi kaka yako Maduhu, ninayekuomba jambo moja: leo hii, kabla hujamjibu Masunga, panda baiskeli uanze kwenda kwa kila mtu mwenye gari lako, uandike namba ya chesisi, kilomita zilizosomeka na jina lake, kisha umwambie aweke sahihi.