Samaki Nisiowala

Jumanne

Bora nilisema ukweli, ingawa nimeaibika.

Leo wamenipiga picha ya mishipa ya damu ya kichwani. Daktari anashuku kuna mmoja umevimba nyuma ya jicho la kushoto. Mimi naogopa, basi.

Kabla ya kunichoma ile dawa inayofanya mishipa ionekane kwenye picha, Sista Nakato aliniuliza kama kuna chakula kinachonidhuru. Huyu ni mteja wangu wa Ggaba, sokoni ninakouza samaki. Kila Jumamosi hununua ngege kwenye meza yangu, nami kila Jumamosi humwambia kwamba mimi mwenyewe nilimla mwenzake huyo samaki jana, mtamu ajabu.

"Samaki," nikasema. "Nikionja tu, midomo inavimba."

Akaacha kuandika. "Samaki gani?"

"Wote."

Alikwenda kumuuliza daktari. Akarudi akasema tunaendelea, ila nitakaa pale baadaye wanitazame. Dawa ilipoingia, joto lilishuka kutoka mkononi hadi mapajani, nikadhani nimejikojolea. Nilipapasa. Nilikuwa mkavu. Midomo pia haikuvimba.

Kinachoniudhi ni kwamba Nakato hakukasirika. Alichomoa sindano taratibu, akabandika pamba.

"Mama Atieno, Jumamosi mimi nakuja. Lakini wewe usiniambie tena utamu yake."

Nikamwahidi kumwekea wawili wakubwa.

Majibu yanatoka Ijumaa.