Ngoma ya Mama Mkwe Imepita Dirishani

Jumamosi, Rusimbi. Mvua ya asubuhi imekatika, ukungu umelifunika ziwa hata milima ya Kongo haionekani, na mimi nina furaha ya kitoto ambayo sijui niiweke wapi. Naiweka hapa.

Studio yangu ni chumba cha kulala. Godoro letu na nguo za mke wangu Riziki zilizoning'inia ukutani ndivyo vinavyomeza mwangwi, na hakuna chumba kingine kinachofaa. Tatizo ni kwamba wiki hii nilikuwa namrekodi mama yake Riziki, na kwetu mama mkwe haingii chumba anacholala mkwewe. Hata sebuleni hatukai tukatazamana. Akiingia natoka, nikiingia mimi, yeye anakumbuka kitu jikoni. Tunapendana hivyo hivyo, kwa mbali.

Mama amepiga ngoma ya kwaya kule Simbo tangu Riziki akiwa mgongoni. Sasa bega limegoma. Akinyanyua mkono mara chache tu, maumivu yanashuka hadi vidoleni, na kwaya imeanza kutumia kinanda chenye kitufe cha ngoma. Hakulalamika. Alikuja tu kwetu kupumzika, ngoma yake imefungwa kwenye kitenge nyuma ya bodaboda.

Riziki akaniomba kitu kimoja. Kwaya ilikuwa imeshaniletea sauti za wimbo wao mpya. Niuwekee ngoma ya mama, hata kama mama hawezi tena kuupiga wote.

Inawezekana. Mtu anapiga pigo moja moja, akichoka anapumzika, wewe unayakata mapigo kwenye kompyuta na kuyapanga mpaka wimbo unatimia. Kwa hiyo nilipitisha waya wa maiki dirishani. Mama barazani, mimi chumbani, Riziki katikati akiwa mjumbe. Nikitaka pigo la pembeni ya ngozi, namwambia Riziki, Riziki anamwambia mama. Mama akiuliza kama limetosha, swali linazunguka njia ile ile, ingawa tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa. Jirani alicheka mpaka akaacha kufua.

Leo asubuhi nikakaa kuchanganya, na hapo ndipo akili iliponihama.

Nina plagini nyingi kuliko nguo. Ni viprogramu vidogo vya kurembesha sauti, na mtu mwenye vipodozi vingi hawezi kumwacha bibi harusi na uso wake. Nikaweka ya kufuta kelele. Ikafuta bodaboda, ikafuta kuku, ikafuta na ile "mh" anayoitoa mama kabla ya kila pigo. Nikaweka ya kuongeza besi. Nikachagua pigo moja lililo safi kuliko yote, nikalirudia wimbo mzima, kila mara limekaa juu kabisa ya mstari wake wa mdundo kwenye skrini. Nilijipongeza kwa sauti.

Riziki akampelekea mama simu na hedifoni sebuleni. Mimi nikajibanza nyuma ya mlango. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole wa mgeni anayesifu chakula kisichomwingia:

"Nzuri. Hii ngoma ni ya nani?"

Nikakaa kitandani.

Hakuwa ananisema. Aliuliza kweli. Kwaya walimtoa kwa kitufe, na mimi nikamtoa mara ya pili, kwa upendo. Bora angenikaripia. Nampenda sana huyu mama. Nilipokwenda kuposa, wajomba walitaka kujua mwanaume wa kukaa na kompyuta siku nzima anafanya kazi gani, na ni yeye aliyejibu kutoka chumba cha pili kwamba huyo ni fundi kama mafundi wengine. Kizuri chajiuza, nami nilikuwa nakipaka rangi.

Nikazitoa plagini zote, nikabakiza moja tu ya kuzuia sauti isipasuke. Nikarudi kwenye mapigo mabichi na kuyasikiliza moja moja. Hili lina nguvu. Linalofuata limelegea kidogo. Hili limechelewa, nadhani bega lilimchoma. Nikayatumia yote, yaliyochoka na yasiyochoka, nikayaacha yakae pale mkono wake unapopenda kukaa, nyuma kidogo ya mstari. "Mh" nayo ikarudi. Kuku mmoja nimeshindwa kumtoa bila kumgusa mama, basi naye ni mwanakwaya.

Baada ya chakula Riziki akapeleka hedifoni tena. Nilirudi nyuma ya mlango. Nikasikia kidole kinagonga mkono wa kiti, halafu mguu sakafuni. Halafu "mh", lakini hii haikutoka kwenye kompyuta.

Wimbo ukaisha. Nikasubiri mjumbe wangu aje na habari.

Mjumbe hakuja. Sauti ya mama mwenyewe ikapita mlangoni, bila mtu katikati, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nimuoe binti yake:

"Mkwe, mbona umekata mapema? Ongeza hapo mwisho. Mimi sijachoka."

Nimefungua kompyuta. Naongeza.