Mpe Mwikali Huo Mguu

Baba Nyambura,

Wewe ni mzee mzima na unamdanganya mke wa mwanao kama mtoto aliyelamba sukari. Umemwambia mguu umepona. Mwikali ameniandikia kwamba haujapona, kwamba unanuka, kwamba hospitali walisema ufunguliwe na kuoshwa kila siku, na wewe unaingia chumbani, unafunga mlango, unatoka na bandeji ile ile ya juzi ukisema, "Nimeosha." Umeosha na nini, mate? Kidole chako mwenyewe hukioni hata jua likiwaka, ndiyo maana ulichimba funza ukachimba na nyama. Na usimgombeze huyo msichana kwa kuniambia. Angenyamaza ningemgombeza mimi, na mimi najua kugombeza kuliko wewe.

Mwikali mwanangu, msomee pole pole na usiruke mahali. Naandika Kiswahili kwa sababu yako, maana mimi Kikamba sijui, na wewe Gikuyu unakisoma kama mtu anayetafuna mawe. Pale ninapokutaja wewe, soma pia, usione haya.

Sasa salamu. Hamjambo? Ng'ombe amezaa? Mvua imefika ama bado inazunguka huko mlimani ikitupita? Karanja akirudi kutoka Nakuru mwisho wa mwezi mwambieni mama yake yuko hai na anakula samaki. Nyambura alifanyiwa operesheni na mtoto akatolewa salama. Ni msichana, na kwa kuwa yule wa kwanza alipewa jina la mama yake Muriithi, huyu ni mimi, Wanjiru. Ana kelele sana, hawakukosea. Nyambura bado yuko hospitali, huku mzazi hafukuzwi haraka, kwa hivyo nyumbani tumebaki mimi na mkwe wetu Muriithi akitoka chuoni kwake, na yule wa kwanza, Wangui wetu, ambaye sasa ana miaka minane na mdomo wa miaka arobaini. Nyumba ni ndogo kama stoo yetu ya mahindi. Viatu vinaachwa mlangoni. Siku ya kwanza niliingia navyo, wakanitazama kana kwamba nimeingia na punda.

Lakini nikuambie kitu kinachonishangaza zaidi ya samaki na zaidi ya viatu. Huku Japani watu wazima wanasoma vitabu vya picha. Mwanaume amevaa tai, ameketi ndani ya treni, ameshika kitabu kinene kama tofali, ndani yake hakuna kitu ila watu waliochorwa, macho makubwa kama ya ndama. Na haoni haya. Wanaviita manga. Wanavifungua kutoka upande ule sisi tunamalizia. Na jioni picha hizo hizo zinaingia kwenye televisheni, zinatembea na kuongea, na hizo wanaziita anime. Mimi nilimwambia Wangui, "Zima huo upuuzi ukatafute kazi." Akaniambia mimi bibi yake, "Cucu, kaa kidogo tu."

Nikakaa. Mvulana mrefu na msichana walikuwa wanatoka shule, mvua inanyesha, mwavuli ni mmoja. Wanatembea tu. Hawaongei.

"Huyu mvulana ni bubu?"

"Ngoja, Cucu."

"Ningoje nini? Wanalowa. Waende nyumbani."

"Angalia bega lake."

Nikaangalia. Bega moja la huyo kijana lilikuwa limelowa kabisa, maji yanatiririka mpaka kwenye mkono. Msichana hana hata tone moja. Kijana alikuwa amesukuma mwavuli upande wa mwenzake na hakusema, na yule msichana anatembea tu akidhani mwavuli ni mkubwa. Halafu akageuka, akaliona lile bega. Basi. Wimbo ukaanza, ikaisha. Nilimuuliza Wangui, sasa wataoana? Akasema hajui, mpaka wiki ijayo. Nikakaa wiki nzima nikifikiria bega la mtu ambaye hayuko.

Unanijua. Mimi nilisoma ngumbaru nikiwa na wajukuu, barua moja inanichukua siku nyingi. Hizo herufi zao zinafanana na kuku waliotembea kwenye majivu. Lakini hizo picha nazisoma. Hilo ndilo lilinivutia. Nikaanza kuvichukua vitabu vya Wangui na kuviangalia akiwa shule, nikitafuta kitu kimoja tu: nani anamwamini nani, na mchoraji amejuaje kunionyesha bila kuniambia. Wangui akirudi nilikuwa namtahini. "Hawa wawili wanapendana, si ni kweli?" "Umejuaje, Cucu? Hata sisi hatujaambiwa." "Huyu amekula chakula kilichobaki kwenye sahani ya huyu." Mtoto akacheka mpaka akalala chini.

Iko hadithi moja ya mtu wa upanga. Anazunguka nchi nzima peke yake na hakubali mtu akae nyuma yake. Akiingia hotelini anaketi mgongo kwenye ukuta. Akilala analala ameketi. Wangui akaniuliza, "Cucu, kwa nini yuko hivyo?" Mtu huyo nilimjua kabla hajachorwa. Tangu Wazungu walipokuchukua wakati wa hali ya hatari ukakaa kambini, ukarudi, hujawahi kuketi mgongo ukielekea mlango. Sikukuuliza ulichoona na leo sikuulizi.

Sasa huyo wa upanga anasafiri na msichana mmoja yatima ambaye amemlea kama mtoto wake. Kuna mahali amepata jeraha kichwani na nywele zimegandana na damu. Msichana anakuja na wembe. Hapo kurasa zinafuatana bila neno hata moja, hata nikamuuliza Wangui kama kitabu kimeharibika. Mtu ameangalia wembe. Ameangalia mlango. Halafu amegeuka pole pole, amempa msichana mgongo, na amefunga macho. Picha ya macho yaliyofungwa imechukua ukurasa mzima.

Nilikiweka kitabu chini nikaenda kuchemsha chai ambayo sikuitaka. Kwa sababu uliporudi kutoka huko kwenye kambi hukunipa habari wala hukunipa hata salamu ya kutosha. Uliketi juani, ukaniwekea mguu kwenye mapaja, umejaa funza. Nikachukua pini. Hukuniambia "angalia vizuri," hukuvuta mguu. Wakati huo ndipo nilijua mume wangu amerudi. Na tangu siku hiyo mguu wako haujashikwa na mtu mwingine, na mimi nikajivuna kwa hilo, nikaona ni heshima yangu. Sasa niko mbali, na heshima hiyo inaoza.

Nisikilize basi yaliyonipata. Sikio langu la kushoto liliziba, likaanza kuuma hadi kwenye jino. Daktari wa masikio tukaambiwa hayuko mpaka wiki igeuke. Watu wa hapa wana kijiti chembamba cha mwanzi cha kutolea uchafu wa sikio. Hata kwenye manga zao utaona mtu ameweka kichwa kwenye mapaja ya mke wake ama mama yake, na huyo anamsafisha sikio, na ukiona hivyo Wangui anakuambia, "Hao wako karibu sana, Cucu, huwezi kumpa sikio mtu yeyote tu." Mimi nilikuwa nimeliona hilo na kulicheka. Ati mtu aingizwe mti kichwani na asikimbie.

Muriithi anakijua hicho kijiti, humsafisha Wangui. Nyambura yuko hospitali. Mkwe wetu akasimama pale mlangoni akiangalia ukuta.

"Mama, mimi naweza. Lakini wewe ni mama mkwe."

"Hilo nalijua tangu ulipoleta mbuzi."

"Nikitafuta mwanamke jirani?"

"Jirani nitamwambia 'acha' kwa lugha gani?"

Wewe unajua kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawaketi hata benchi moja. Nilimkwepa njiani miaka yote hiyo, nikimuona Karatina sokoni napitia upande wa viazi. Sasa nimlalie karibu na goti? Wangui ndiye aliyesema, bila kuinua macho kwenye kitabu chake, "Hata yule wa upanga alikubali." Mtoto hana adabu. Nikamwambia Muriithi, "Faini ya mbuzi tutajadiliana tukifika Nyeri. Leta mto."

Nililala ubavu, mto umeegemea goti lake, nikashika mkeka kwa mikono yote miwili. Nilitetemeka. Mimi, Baba Nyambura, niliyezaa watoto sita bila kupiga kelele. Kijiti kikaingia na nikasikia sauti yake ndani ya kichwa kama panya kwenye dari. Halafu nikasikia kidole chake kidogo kimeegemea shavu langu.

"Hicho kidole kinafanya nini hapo?"

"Kinakulinda, Mama. Ukishtuka, mkono wangu unaenda pamoja na kichwa chako, haubaki nyuma."

"Na goti linalotetemeka ni la nani?"

"Ni langu. Naogopa kukuumiza."

Hapo ndipo nililegea. Sikujua kwamba anayeshika kijiti naye anaogopa. Nilidhani woga ulikuwa wangu peke yangu. Kikatoka kitu kikubwa kama punje ya mtama, na ghafla nikasikia birika, nikasikia treni, nikasikia Wangui akipumua kwa mdomo. Muriithi alikuwa amelowa jasho. Nikamwambia asante, akasema "Ni sawa, Mama," akaenda kuosha mikono kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Kesho yake aliniletea chai na akaketi tukanywa. Heshima haikuvunjika. Nimeitafuta mahali ilipovunjika, sijapaona.

Nikamwambia Wangui anirudishie kile kitabu cha mtu wa upanga. Mara ya kwanza nilimwangalia mwanaume tu, kwa sababu macho yake yamejaza ukurasa. Sasa nikamwangalia msichana. Kidole chake kidogo kimeegemea kwenye kichwa cha yule mtu, vile vile kama cha Muriithi. Na miguu yake iko wazi, amepiga magoti, na vidole vya miguu vimekunjwa vinashika ardhi, vile mtu hufanya akipita kwenye gogo juu ya mto. Mchoraji aliviweka pale chini kwenye kona, vidogo, mtu akiwa na haraka havioni. Anaogopa kuliko mwanaume. Ile picha si ya mtu mmoja jasiri. Ni ya watu wawili wanaoogopa, na kila mmoja amekubali.

Baba Nyambura, Mwikali ameniandikia kwamba kila jioni anachemsha maji, anatia chumvi, anayaacha mlangoni kwako. Na kila asubuhi anayakuta pale pale, yamepoa, anayamwaga. Hakuniandikia akilalamika. Aliniuliza kama anatia chumvi nyingi.

Najua utakalosema. Mke wa mwana hashiki mwili wa baba mkwe. Nililelewa na heshima hiyo kama wewe na siitupi. Lakini mumewe Karanja yuko Nakuru. Mimi sirudi mpaka huyu Wanjiru mdogo aweze kuketi. Na hospitali walikuambia, mbele ya Mwikali, kwamba uchafu ukipanda juu watakata. Mguu hausubiri mke arudi kutoka ng'ambo. Ukiniletea heshima yako na mguu mmoja kwenye kiwanja cha ndege, sitakushukuru.

Sikuagizi jambo ambalo sijalifanya. Nimempa mkwe wangu kichwa. Wewe unaombwa mguu.

Mwikali, sasa sikiliza wewe. Usimuulize, ukimuuliza atakataa. Shika kisigino kwanza kwa mkono wa kushoto, kishike imara, ndipo uguse kidonda. Akivuta mguu, mkono wako uende nao. Atakugombeza kwa Gikuyu, jifanye hujui, hilo huna shida nalo. Usigeuze uso kwa sababu ya harufu, ataona. Na ukitetemeka, mwache aone unatetemeka. Ukikuta wekundu unapanda kuelekea goti, usingoje asubuhi, tafuteni gari mwende hospitali.

Msalimie mama yangu mdogo Wairimu kule Kangema, umwambie nimepata jina. Msalimie dada yangu wa Sagana na bwana yake mwenye tanuri la mikate. Msalimie Mama Halima jirani, aniwekee mbegu za zile dengu zake, na aache kumpa Mzee sukari kwenye chai. Nyambura, Muriithi na Wangui wanawasalimu wote. Ni mimi, Wanjiru, mke wako ambaye bado anakugombeza akiwa upande wa pili wa dunia.

Mwikali, barua imeisha, iweke chini na usiisome tena mpaka kesho. Lete karai. Na wewe Mzee, usiinuke hapo ulipoketi. Geuza kiti upande wake, na umpe mguu.